Nyumba Iliyoanguka Chali

Nyumba ya mkunga ilikuwa imelala chini ya jabali, chali, mlango wake wa mbele ukitazama mawingu. Kitasa kilikuwa bado kinang'aa. Nguzo za kuanikia nguo, ambazo juzi tu zilisimama wima uani nyuma ya nyumba, sasa zilikuwa zimelalia upande wa nchi kavu, na kamba iliyofungwa kati yake haikuwa imekatika.

Inspekta alikuwa akiitazama nyumba hiyo tangu jua lilipochomoza. Alizunguka, akasimama, akazunguka tena. Kituoni walimwita Kinyonga kwa sababu ya mwendo wake wa kunyanyua mguu, kuutafakari, kisha ndipo auweke. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Yapo majina mabaya zaidi ambayo polisi hupewa na watu, mengine hayatajiki mbele ya wakwe.

"Afande, tukikaa hapa mpaka mwezi uandame, nyumba haitasimama tena," alisema Sajini wake, mwanamke mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi. "Mtu tunaye. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani. Tunatafuta nini kingine?"

"Hebu niambie tena tunachokijua."

Sajini alivuta pumzi. "Tunajua mvunja mawe alikuwa hapa chini nyumba iliposhuka, sururu mkononi. Tunajua amekuwa akichimba chini ya jabali hili kwa muda mrefu, na juu yake alikuwa anaishi mama yake mzazi. Tunajua aliwahi kumtishia, kinyozi amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Na aliyemshitaki ni dada yake wa tumbo moja. Mtu akishashitakiwa na dada yake, afande, amebakiwa na nani?"

"Bado sijajua kwa nini imeanguka chali."

"Nyumba haina adabu ya kuanguka."

Kinyonga alicheka kidogo, kisha akaacha. Haikuwa asubuhi ya kucheka. Mkunga aliyefia ndani ya nyumba ile alikuwa amepokea watoto wa karibu kila mlango wa mtaa uliokuwa juu ya ukingo. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wamekaa pale juu wakilia waziwazi. Siku ya ajali haohao ndio waliomkuta mwanawe, yule mvunja mawe, akifukua kifusi kwa mikono, wakamdaka na kumpiga mpaka polisi walipomtoa. Kama Kinyonga angefanya kosa kidogo tu, mtu huyo angefungwa maisha kwa kumuua aliyemzaa, na mtaa mzima ungepiga makofi.

Mtaalamu wa miamba alifika akiwa amevaa kofia pana na viatu vilivyokwisha kisigino. Alikuwa mwalimu wa chuo, na wanafunzi wake walimpa jina la Mama Mawe kwa kuwa mifuko ya koti lake daima ilining'inia kwa uzito wa vipande alivyookota njiani. Hakusalimia kwa maneno mengi. Aliligonga jabali kwa nyundo yake huku na kule, akalisikiliza, akaramba kidole kilichoshika udongo na kutema.

"Mnaiona ile rasi?" aliuliza, akielekeza nyundo mahali ambapo mwamba mweusi ulijitokeza baharini. "Lile ni jiwe gumu. Lilitoka ardhini likiwa moto, likapoa. Mawimbi yanalipiga usiku na mchana, na faida yake ni kulisugua tu na kulitoboa mapango mawili matatu. Hapa tulipo ni habari nyingine. Juu kuna jiwe la mchanga, limejaa nyufa. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi. Bahari imekula palipo laini ikaacha palipo pagumu. Ndiyo maana kule kuna rasi na hapa kuna ghuba."

"Kwa hiyo mhalifu ni bahari," alisema Kinyonga.

"Bahari ina sifa mbaya, sikatai. Ila siku ile haikuwapo." Mama Mawe alipiga hatua kuelekea majini na kuonyesha mstari wa mwani uliokauka mchangani, mbali kabisa na jabali. "Maji yalifika hapa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote. Tangu hapo ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana. Hakuna wimbi lililogusa mguu wa jabali hili."

Sajini alipiga mikono pamoja. "Basi ni sururu! Si nilisema?"

"Nionyesheni alipochimba."

Walimpeleka upande wa kushoto, pembeni ya kifusi. Kulikuwa na shimo la kwenda ndani kwenye mguu wa jabali, na alama za sururu zilionekana wazi. Mama Mawe aliinama, akawasha tochi. Kwenye kona ya juu ya shimo buibui alikuwa ametanda utando wake, mzima, umejaa mabawa ya wadudu.

"Kipande kizima cha jabali kimeshuka, lakini utando huu haukutikisika," alisema. "Shimo liko kando. Na hata lingekuwa chini ya nyumba kabisa, nyumba isingelala vile. Ukilikata jabali miguu, sehemu ya juu inakosa pa kukanyaga, inaanguka kifudifudi, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Mlango ungekuwa umezama mchangani." Alimgeukia Sajini. "Umewahi kuteleza kwenye sakafu yenye maji?"

"Bafuni kwangu. Wiki iliyopita."

"Uliangukia wapi?"

Sajini alijikuta amejishika kiuno, akautoa mkono haraka.

"Naam," alisema Mama Mawe. "Miguu inatangulia, mgongo unabaki nyuma. Nyumba hii haikusukumwa wala haikukatwa miguu. Iliteleza. Jiwe la mchanga linapitisha maji, mfinyanzi haupitishi. Maji yakishuka kupitia nyufa, yakifika kwenye mfinyanzi yanakwama, yanaanza kutambaa juu yake. Na tabaka za hapa zimeinama, zinaelekea baharini. Mfinyanzi ukilowa mgongoni, kila kilicho juu yake kinasafiri."

"Mvua?" aliuliza Kinyonga, ingawa jibu alilijua. Kilikuwa kiangazi, na nyasi za juu ya ukingo zilikuwa zimekauka mpaka kuwa rangi ya kamba.

"Mvua gani?"

"Basi maji yametoka wapi?"

"Mimi nasoma mawe, mzee. Watu nimekuachia wewe."

Walipanda kwa tahadhari mpaka mahali ambapo jabali lilikuwa limeacha ukuta mpya, haujapata jua. Pale jiwe la mchanga lilipokutana na mfinyanzi, palikuwa na ufa wa unyevu, na matone yalikuwa yanadondoka bado, polepole, katikati ya kiangazi. Kinyonga aliweka kidole. Kilirudi kimelowa na kimeingia rangi. Si nyekundu ya udongo wala kahawia. Ilikuwa buluu, hafifu, lakini buluu.

"Baruti!" Sajini alinong'ona kwa furaha isiyo na haya. "Machimboni wanatumia baruti, afande. Zina rangi za kila aina zile."

"Baruti inapasua," alijibu Mama Mawe. "Hapa hakuna kilichopasuka. Ila nakwambieni jambo moja: rangi hii si ya mwamba. Mtu ameileta." Alikusanya vitu vyake, kisha akageuka na kutazama nyumba nyingine zilizopangana juu ya ukingo, nguo zao zikipepea. "Na tabaka hili halikuishia kwa mkunga. Linapita chini ya zile zote."

Kinyonga alizitazama nyumba hizo kwa muda mrefu.

*

Kinyozi alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na mdomo uliotosha kwa vinyozi wote wa mji. Alimkalisha Kinyonga kabla hajaulizwa, akamfunga kitambaa shingoni na kuanza kumnyoa nywele za kisogoni ambazo hazikuhitaji kunyolewa.

"Niliyasikia, mzee, sitii chumvi. Nilikuwa namnyoa jirani uani kwake, ukuta kwa ukuta. Mvunja mawe akasema, 'Mama, ipo siku nyumba hii itateremka na wewe ukiwa ndani.' Mimi nywele zilinisimama, na mteja wangu vilevile, ikawa kazi kumnyoa."

"Alisema kwa hasira?"

"Kwa sauti."

"Sauti si hasira. Mama alijibuje?"

Wembe ulisimama. "Alijibu... alisema hahami. Kwamba hapo ndipo alipoingia akiwa bibi harusi na hapo ndipo atakapotolewa akiwa maiti."

"Na yeye mvunja mawe akasema nini?"

"Alilia," alisema kinyozi, kana kwamba jambo hilo lilikuwa limemponyoka kichwani mpaka dakika ile. "Sasa unavyoniuliza, alilia. Alisema analeta mawe magumu ya rasini aje amjengee ukuta chini, ili bahari isimfikie. Kila siku alikuwa anayabeba kwa bega. Ila dada yake alisema anajifanya tu, anataka mama ahame apige bei kiwanja."

"Na kituoni hukuyasema hayo ya kulia."

"Hawakuniuliza!"

Kinyonga hakumkemea. Wako mashahidi wa namna hiyo kila mahali, nao si waongo. Wanakupa kipande cha kitambaa, kisha wanashangaa kwamba hukushona suti.

Kinyozi alimpangusa shingo kwa taulo. Lilikuwa jeupe la kuumiza macho, na kwenye mikunjo lilikuwa na kivuli cha rangi. Kinyonga alilishika kabla halijarudi begani kwa mwenyewe. Alilinyoosha karibu na dirisha.

"Nani anakufulia?"

"Nani tena? Si dada mtu huyohuyo. Dobi. Nguo za hospitali ni zake, za shule ni zake, mashuka ya wageni ni yake. Hana mpinzani. Anatia ile buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na mkono wake hauna ubahili."

"Alikuwa anafulia wapi?"

"Uani kwa mama yake, siku zote. Alipata kelele kidogo zamani, maji yalikuwa yanamwagwa ukingoni yakawa yanachimba makorongo. Bwana ardhi akaja akapiga marufuku. Kila mwenye nyumba akaambiwa achimbe shimo la maji machafu nyuma ya nyumba, mbali na ukingo kadiri awezavyo. Sote tukachimba. Tangu hapo mtaa ni msafi, hata nzi wamepungua."

"Na sasa anafulia wapi?"

"Kwa shangazi yake, nyumba ya pili kutoka ile iliyoanguka. Atafanyaje? Amepoteza mama, lakini mashuka ya hospitali hayana msiba." Kinyozi alifungua kitambaa na kukikung'uta. "Shangazi naye amepokea wajukuu likizo hii, nyumba imejaa watoto mpaka mlangoni. Mzee, mbona unaondoka na taulo langu?"

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya chuma, viti vitatu na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Mvunja mawe aliketi mikono juu ya meza. Kucha zake zilikuwa zimetoka zote katika vidole vya mkono wa kulia. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Umekula?" aliuliza Kinyonga.

"Sina njaa."

"Ulichimba mguu wa jabali?"

"Nilichimba. Kando ya nyumba. Nilikuwa napata pa kukita ukuta. Nimesema haya mara ngapi? Sikumuua mama yangu." Alisema kwa uchovu, si kwa ukali. "Mwulizeni yeyote anayejua kazi. Siwezi kukata jiwe chini ya mama yangu."

Sajini, aliyekuwa ameegemea ukuta, alinyanyua nyusi tu.

"Nakuamini," alisema Kinyonga.

Mvunja mawe aliinua uso. Ni wazi hakuwa ametegemea neno hilo kutoka kwa mtu yeyote, na jicho lake zima lilijaa machozi mara moja.

"Nyumba iliteleza," Kinyonga aliendelea, akitazama mikono ya yule mtu badala ya uso. "Kulikuwa na maji kati ya jiwe na mfinyanzi. Mengi, na ya muda mrefu. Nataka kujua kitu kimoja tu, halafu urudi kupumzika. Maji ya dobi yalikuwa yanakwenda wapi?"

Mkono wa kulia juu ya meza, ule uliokosa kucha, ulijikunja taratibu ukawa ngumi.

"Sijui mambo ya kufua," alisema mvunja mawe.

"Kulikuwa na shimo nyuma ya nyumba. Sasa halipo, limeshuka pamoja na ua. Nani alilichimba?"

"Mimi nimeua," alisema mvunja mawe.

Sajini alijitenga na ukuta.

"Rudia," alisema Kinyonga.

"Nimeua mimi. Nilichimba chini ya jabali makusudi, nilitaka kiwanja. Andikeni. Nipeni niweke kidole gumba, kesho nipelekeni nikaseme hayohayo. Tumemaliza?"

"Dakika iliyopita ulikuwa huwezi kukata jiwe chini ya mama yako."

"Dakika iliyopita nilikuwa nadanganya."

"Kaka yangu," alisema Kinyonga, na neno hilo alilisema kwa upole mpaka Sajini akashangaa, "watu wamekupiga karibu ufe na hukukiri. Nimekuuliza habari ya shimo la maji machafu, umekiri mauaji. Nimefanya kazi hii mpaka nikaota mvi, sijaona mtu anayeogopa shimo kuliko gereza."

Mvunja mawe alilaza paji la uso juu ya meza. Mabega yake mapana ya kazi yalianza kutikisika. Aliposema tena, maneno yalitoka yakiwa yamebanwa na chuma cha meza.

"Alinijia mwenyewe. Akasema, kaka, bwana ardhi amesema tuchimbe mbali na ukingo, nichimbie, mama asije akapata madhara kwa ajili ya maji yangu. Nikachimba. Nilichimba vizuri, shimo refu, nikajaza mawe. Maji yalikuwa yanamwagwa asubuhi, jioni hayapo. Tukafurahi. Tukasema shimo halijai, shimo zuri. Siku ile nilipofika juu ya kifusi niliona mfinyanzi umelowa. Nikajua. Nilikuwa nafukua na huku najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama amekufa kwa beseni zake? Ananichukia sasa, sawa, anapata nguvu za kuamka asubuhi. Chuki ni afadhali. Akijua, mzee, yule hataishi. Namfahamu, nimemlea mgongoni." Alinyanyua uso uliolowa. "Andika bahari. Kila mtu anajua bahari inakula pwani. Hakuna atakayeuliza. Andika bahari, au andika mimi. Usimwandike yeye."

Sajini alikuwa ametazama sakafu.

Kinyonga alitamani kukubali. Lingekuwa jambo rahisi na la huruma: bahari haina ndugu, haina wakili, haitakata rufaa. Angepiga muhuri, mtu angetoka, dada angelia mpaka akapoa. Lakini alizikumbuka nguo zilizokuwa zikipepea juu ya ukingo, nyumba kwa nyumba, kila moja na shimo lake zuri lisilojaa.

"Anafulia kwa shangazi yenu," alisema.

Mvunja mawe hakuelewa mara moja. Kisha alielewa. Alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Shangazi ana wajukuu mle ndani," alisema. "Mzee, ana watoto mle ndani! Shimo la kwa shangazi nimelichimba mimi pia!"

*

Kwa mara ya kwanza tangu Sajini amfahamu, Kinyonga alikimbia.

Uani kwa shangazi mashuka yalikuwa yametanda kamba hadi kamba, na watoto walikuwa wanacheza kujificha kati yake. Shangazi mwenyewe, mama mnene aliyefunga kanga ya msiba kiunoni, alielewa kwa kuuangalia uso wa Sajini tu kwamba si wakati wa kuuliza. Alianza kuita watoto majina yao mmoja mmoja, akiwatoa kwa njia ya nyuma, upande wa nchi kavu. Sajini alishika wawili mikononi. Mmoja alilia akitaka viatu vyake, akaambiwa viatu vitamfuata.

Dobi alikuwa nyuma kabisa, karibu na shimo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekauka kwa sabuni, vidole vyake vina rangi ya buluu mpaka kwenye vifundo. Mbele yake palikuwa na beseni kubwa la maji ya kusuuzia, na alikuwa amelishika masikio yote mawili, amelinyanyua hadi kiunoni.

"Dada, usimwage," alisema Kinyonga, akihema.

"Shikamoo, mzee," alisema dobi, kwa kuwa alilelewa vizuri hata katika msiba. "Amekwisha kukiri?"

"Marahaba. Amekiri."

Dobi alifumba macho. "Afadhali. Afadhali mama apumzike."

"Amekiri uongo. Nimekuja kukuomba uondoke hapa, sote tuondoke, ukingo huu si salama. Njoo tuzungumze barabarani."

"Uongo gani?" Hakuondoka. "Alikuwa chini na sururu. Watu wamemwona. Alichimba chini ya mama."

"Alichimba kando. Alikuwa anamjengea ukuta."

"Ukuta wa nini? Bahari haijafika pale tangu bamvua, hata mtoto anajua. Hakukuwa na mvua. Kama si yeye na sururu yake, ni nini?" Sauti ilimpanda. "Mzee, nyumba haiwezi kushuka yenyewe! Sisi ndio tuliokuwa tunaitunza. Tulifanya kila tulichoambiwa. Hata maji yangu sikuyamwaga ukingoni, nilimwambia yeye mwenyewe anichimbie shimo nyuma ya nyumba, mbali, nimkinge mama..."

Alisimama hapo.

Kinyonga hakumsaidia, na hakumzuia. Katika kazi yake alikuwa amewaona watu wengi wakifika kwenye ukweli, na wengi walifika kwa kusukumwa. Huyu alikuwa anakwenda mwenyewe, na ilikuwa mbaya zaidi kumtazama. Macho ya dobi yalishuka kwenye shimo, ambamo maji ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kunywewa, mawe yakibaki na utando wa buluu. Kisha yalipita juu ya paa la shangazi, yakaenda kwenye pengo palipokuwa na nyumba ya mama yake.

"Halikuwa linajaa," alisema hatimaye. "Nilikuwa namwambia mama, tazama, halijai."

"Mliambiwa mchimbe hapo. Mtaa mzima mliambiwa. Hakuna aliyejua tabaka za chini zimeelekea wapi."

"Kaka alijua?"

"Alijua alipoona kifusi."

"Na akanyamaza."

"Alitaka niandike bahari. La sivyo, niandike yeye."

Dobi alitoa sauti ambayo haikuwa kilio bado. Nyuma yao watoto walikuwa wamekwisha kutoka, na Sajini alikuwa anaita kutoka barabarani kwamba nyumba iko tupu, afande, njooni, njooni basi. Mashuka ya hospitali yaligonga kamba kwa upepo. Beseni lilikuwa bado mikononi mwa dobi, limejaa. Alilitazama shimo, akarudi nyuma. Alitazama ukingo wa bahari, akarudi nyuma. Alitazama ardhi kavu iliyo chini ya miguu yake mwenyewe, na hapo pia hakuthubutu.

"Baba," alimwambia Kinyonga, kama mtoto aliyepotea sokoni, "haya sasa nimwage wapi?"

Kinyonga alishika sikio moja la beseni, akamwachia yeye lile jingine. Waliondoka uani hivyo, wakilibeba kati yao hatua kwa hatua kupita chini ya mashuka meupe, kuelekea barabarani, wakijitahidi lisimwagike hata tone.